Kodi Itozwe Faida, Siyo Kiti cha Mnyonge

Kodi ni wajibu. Hakuna shule, zahanati wala barabara iliyopata kujengwa kwa maneno matupu. Mtumishi wa serikali na mwalimu wanaujua wajibu huo kuliko watu wengine, kwa kuwa kodi yao hukatwa kabla mshahara haujawafikia mkononi. Wao hawapewi nafasi ya kusahau, wala ya kuficha. Ndiyo maana wana haki ya kwanza ya kuuliza: je, yule anayepata fedha nje ya orodha ya mishahara hutozwa kwa njia gani, na kwa haki ipi?

Swali hili liliisumbua Marekani tangu mwaka 1921 hadi 2025? La, ugomvi wenyewe ni mpya kabisa: ulianza mwaka 2021 na kumalizika mwaka 2025, na ulihusu watu wanaouza vitu vilivyokwishatumika kwa njia ya intaneti. Jinsi ulivyoamuliwa ni fundisho kwa kila nchi inayotaka kujitegemea kwa mapato yake yenyewe.

Katika soko hilo mnunuzi hamkabidhi muuzaji fedha mkononi. Fedha hupitia kwa kampuni yenye soko, nayo hukata ushuru wake kwanza. Kwa sheria iliyopitishwa mwaka 2008, na kuanza kutumika kwa mahesabu ya mwaka 2011, kampuni za malipo zilitakiwa kujaza fomu iitwayo 1099-K, nakala moja kwa muuzaji na nyingine kwa idara ya mapato. Lakini fomu hiyo ilimhusu tu mtu aliyepokea zaidi ya dola 20,000 kwa mwaka, tena kwa mauzo yanayozidi 200. Machi 2021, katika sheria kubwa ya kuufufua uchumi baada ya UVIKO-19, Bunge la nchi hiyo lilikishusha kiwango hicho hadi dola 600, bila kujali idadi ya mauzo. Aliyeuza kitu kimoja tu kwa dola 700 angeandikiwa fomu sawasawa na mwenye duka.

Hapo ndipo kosa lilipo. Fomu ile huonyesha fedha zote zilizopokelewa, haionyeshi faida. Tuchukue mfano wa mama aliyenunua friji kwa dola 1,200, akalitumia miaka sita, kisha akaliuza kwa dola 700. Huyo hakupata faida hata senti moja. Amepoteza dola 500. Sheria ya kodi ya Marekani yenyewe inakubali kwamba kifaa cha nyumbani kilichouzwa kwa hasara hakina kodi. Hata hivyo, karatasi inakwenda serikalini ikisema kwamba mama huyu amepokea dola 700, na mzigo wa kueleza kwamba hadaiwi kitu unamwangukia yeye. Nani kati yetu ametunza stakabadhi ya friji kwa miaka sita? Tena kama angepata faida, angetozwa. Lakini hasara yake haruhusiwi kuitoa katika mapato yake mengine.

Sheria isiyotofautisha kati ya mtu anayeuza kiti chake na mtu anayefanya biashara ya viti haiwezi kuitwa sheria ya haki, hata kama nia ya walioitunga ilikuwa njema. Na wenyewe walilitambua hilo. Mwishoni mwa mwaka 2022 idara ya mapato iliahirisha utekelezaji. Mwaka 2023 ikaahirisha tena. Kwa mwaka 2024 ikaweka kiwango cha muda cha dola 5,000. Hatimaye, tarehe 4 Julai 2025, ilitiwa saini sheria iliyokirudisha kiwango cha zamani: dola 20,000 na mauzo zaidi ya 200.

Wapo walioshangilia wakasema mnyonge ameshinda. Tusidanganyike. Waliopaza sauti kubwa kuliko wote katika ugomvi ule ni makampuni yenye masoko, yakiwemo eBay na Etsy. Makampuni hayo yalizungumza kwa huruma nyingi juu ya mama anayeuza nguo za mtoto wake. Lakini kila muuzaji anayeogopa fomu na kuondoka sokoni huondoka na ushuru wa kampuni. Mamba naye hutoa machozi. Kama huruma ile ingekuwa ya kweli, yangedai jambo moja tu: fomu itenganishe mali ya nyumbani na bidhaa ya biashara. Kiwango kilipopandishwa, tatizo la fomu halikuondolewa. Lilisogezwa tu mbali na macho.

Na matokeo yake ni nini? Mfanyabiashara halisi, anayenunua vitu vikuukuu kwa bei ya kutupa na kuviuza kwa faida kila siku, sasa anaweza kupokea dola 19,000 kwa mwaka bila fomu hiyo ya serikali kuu kuandikwa. Kisheria kodi anadaiwa, lakini hakuna anayemtaja. Idara ya mapato ya nchi hiyo imekwisha kuchunguza tabia hii. Katika mishahara, ambayo hukatwa kodi na kutolewa taarifa, kiasi kinachofichwa ni kama asilimia 1 tu. Katika mapato ambayo hakuna mtu wa tatu anayeyatolea taarifa, kinachofichwa hufikia kama asilimia 55. Maana yake ni kwamba mwalimu wa Chicago analipa kila kitu, na jirani yake mchuuzi analipa anachopenda.

Basi Marekani imeyumba kutoka kosa moja hadi jingine, na makosa yote mawili yana mzizi mmoja: kuhesabu mauzo bila kuuliza kinachouzwa ni nini. Nchi za Umoja wa Ulaya, tangu mwaka 2023, na Uingereza, tangu mwaka 2024, zimekaribia njia ya busara zaidi. Huko kampuni haimtolei taarifa muuzaji wa bidhaa ambaye mauzo yake hayafiki 30 kwa mwaka na hayazidi euro 2,000. Mwenye kuuza kabati moja anaachwa na kabati lake. Hata hivyo, sheria hiyo ilipoanza Uingereza, wananchi wengi waliamini kwamba kodi mpya imezaliwa, na serikali ikalazimika kueleza kwamba kodi ni ile ile ya zamani. Maelezo yangalitangulia, hofu isingalikuwepo.

Jambo hili si la wenzetu tu. Soko la mitumba limekwisha kutoka Karume na Manzese na kuingia katika simu. Mwalimu anayehamishwa kutoka Mtwara kwenda Kigoma hupiga picha kitanda, meza na friji lake, akaviuza kwa bei ya hasara, kwa sababu nauli ya lori ingekuwa kubwa kuliko thamani ya vitu vyenyewe. Mwalimu huyo si mfanyabiashara. Lakini katika simu hiyo hiyo yumo mtu anayefungua marobota ya mitumba kila juma, mwenye wateja mikoani na vijana wa kumpelekea mizigo. Huyo ni mfanyabiashara kamili, hata kama hana mlango wala kibao. Picha za wawili hao zinafanana. Hali zao hazifanani hata kidogo.

Nasi tunapaswa kuwa waangalifu zaidi, kwa kuwa kodi yetu ya makadirio kwa wafanyabiashara wadogo nayo hutazama mauzo ya mwaka. Kipimo hicho kinaeleweka kwa mwenye genge, ambaye hununua ili auze. Kikitumiwa kwa mwenye kuuza kitanda alichokilalia miaka kumi, kitakuwa dhuluma.

Kwa hiyo, taratibu za taarifa kwa masoko haya zizingatie mambo matatu. Kwanza, mali ya nyumbani inayouzwa kwa hasara itengwe waziwazi, na neno la muuzaji liaminiwe mpaka uthibitike uongo. Pili, mzigo wa kutoa taarifa ubebwe na kampuni inayokata ushuru katika kila mauzo, ya hapa au ya ng'ambo, kwani ndiyo yenye daftari. Tatu, anayenunua ili auze atajwe na atozwe kama mwenzake mwenye duka, na asiruhusiwe kujificha nyuma ya kiti cha mnyonge.

Samaki hukunjwa angali mbichi. Mtumishi anayekatwa kodi kila mwezi haombi upendeleo. Anachodai ni kwamba anayepata faida alipe kama yeye anavyolipa, na kwamba siku atakayouza kiti chake kwa sababu ya dhiki au uhamisho, asiitwe tajiri.