Kitabu Husomwa kwa Mara ya Kwanza Mara Moja Tu



Ndugu wapendwa, miongoni mwa watu wapendao vitabu kuna tamanio moja linalosikika mara kwa mara: laiti ningeweza kukisoma kitabu kile tena kana kwamba sijapata kukisoma! Mwenye kusema hivyo hakukipoteza kitabu. Kitabu kipo rafuni, kurasa zake ni zile zile, wala hakuna neno lililofutika. Anachokikosa ni ile hali aliyokuwa nayo yeye mwenyewe siku alipokifungua, asijue ukurasa unaofuata umebeba nini. Maji yakimwagika hayazoleki. Juma hili tunapenda kulitafakari tamanio hilo pamoja nanyi, kwa kuwa ndani yake limo jambo linalowahusu watoto wetu kuliko linavyotuhusu sisi.

Tuchukue mfano wa Kusadikika, kitabu cha Shaaban Robert kilichotoka mwaka 1951, Tanganyika ikiwa bado chini ya utawala wa Waingereza. Karama ameshitakiwa mbele ya mfalme kwa kosa la kuwafundisha watu elimu ya sheria. Mshitaki wake ni Majivuno, waziri mwenye nguvu. Karama anapewa siku sita za kujitetea. Msomaji wa mara ya kwanza huketi barazani pamoja na raia wa nchi ile inayoelea hewani. Kila siku inapokwisha huzihesabu zilizobaki, na kujiuliza kama maneno ya mtu mmoja asiye na silaha yaweza kuishinda chuki ya wakubwa. Sisi tunaoijua hukumu hatuwezi tena kuzihesabu siku zile kwa hofu ile. Twaweza kuustahi ufundi wa mwandishi, na twaweza kulifumbua fumbo lake juu ya watawala wasiopenda kuambiwa ukweli, lakini hofu haiji kwa kuitwa.

Je, tuhuzunike basi? Kwa maoni yetu, hapana. Kitabu chema humpa msomaji wa mara ya pili kitu ambacho msomaji wa mara ya kwanza hakuweza kukipokea. Wengi wenu mnakifahamu, walau kwa jina, kitabu cha Aniceti Kitereza cha Ukerewe, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Bugonoka anarudishwa kwao na wazazi wake, kwa sababu ndugu za mumewe wanamsimanga kwa kutozaa. Myombekere, badala ya kutafuta mke mwingine kama anavyohimizwa, anafunga safari kwenda kwa wakwe zake kumwomba mkewe, nao wanamtoza pombe ya ndizi. Msomaji wa miaka 18 hushughulika na pombe hiyo: ndizi zitapatikana wapi, nani atasaidia kuzikamua, na je, wakwe wataridhika? Ni safari yenye vituko, na kijana huicheka kwa haki kabisa.

Msomaji aliyevuka miaka 40, ambaye amekwisha kuketi sebuleni na mume na mke wasiojaliwa mtoto, huku shangazi wa mume akinong'ona kwa sauti ya kusikika chumba cha pili, huzisoma kurasa zile zile kwa moyo mwingine. Hapo pombe huwa jambo dogo. Anachokiona ni mwanamume aliyekataa ndugu zake wamwamulie ndoa yake, na mwanamke aliyetukanwa kwa jambo ambalo halikuwa kosa lake. Hakuna aliyeyaandika hayo upya. Yalikuwamo tangu mwanzo, yakisubiri maisha yatufikishe mahali pa kuyaona. Kama yalivyowapata baadaye wawili hao, hatutasema hapa, kwa heshima ya wale ambao hawajakisoma.

Na kabla ya kulilia usomaji wetu wa kwanza uliopita, yatupasa kumkumbuka aliyekiandika kitabu hicho. Kitereza alizaliwa mwaka 1896, akasoma katika misheni ya Kagunguli na seminari ya Rubya. Yeye na mkewe Anna hawakubaki na mtoto; watoto wao walifariki wangali wadogo. Kitabu alikikamilisha mwaka 1945 kwa Kikerewe. Miaka ikapita bila mchapishaji, hata akakifasiri yeye mwenyewe kwa Kiswahili, na kikachapishwa na Tanzania Publishing House mwaka 1980. Mwaka 1981 mzee huyo aliaga dunia, kabla ya nakala zilizochapwa kumfikia mkononi. Alisubiri miaka 35 baada ya kuweka kalamu chini, wala hakupewa kukifungua kitabu chake hata mara moja. Sisi tumepewa.

Jambo hili latugusa hata katika Injili. Ni nani kati yetu, aliyelelewa katika familia ya Kikristo, anayekumbuka siku aliposikia kwa mara ya kwanza mfano wa mwana mpotevu, katika sura ya 15 ya Luka? Tumeuzoea. Kijana akiwa angali mbali, sisi tumekwisha kujua kwamba baba atamkimbilia. Watoza ushuru na Mafarisayo waliomsikiliza Bwana hawakulijua hilo. Hata hivyo, upo mwisho mmoja ambao mazoea hayawezi kuuharibu: kaka mkubwa yuko nje, amekasirika, baba anamsihi aingie, na Mwinjili anaishia hapo. Kama aliingia au alibaki nje, hatuambiwi. Mwenye ugomvi na ndugu yake akiusoma mfano huo leo, kwake hadithi haijaisha.

Usomaji wa pili, basi, ni baraka. Lakini hakuna wa pili pasipo wa kwanza, na hapo ndipo penye hoja yetu. Tunaona vijana wengi wakinyang'anywa usomaji wa kwanza kabla hawajaupata. Kabla ya kukifungua kitabu kilichotajwa katika muhtasari wa masomo, kijana amekwisha kupewa mwongozo: muhtasari wa hadithi, orodha ya wahusika, dhamira kuu na dhamira ndogo, mafanikio na udhaifu wa mwandishi. Anajua nani atakufa kabla ya kujua kama mtu huyo alikuwa na mama. Anakariri kwamba Karama anawakilisha wapenda haki, bila kuketi naye hata siku moja kati ya zile sita. Katika mtihani atapata alama nzuri. Kitabu chenyewe huenda hatakirudia maisha yake yote, kwani mtu hurudia alichokipenda, na hakuna anayependa majibu ya maswali ambayo hakuwahi kuyauliza.

Hatuwalaumu walimu bila kuwafikiria. Darasa ni kubwa, nakala ni chache, na muda hautoshi. Tunajua pia kwamba mwongozo una kazi yake: humsaidia aliyekwisha kusoma apange mawazo. Neno letu ni juu ya utaratibu. Kitabu kitangulie, mwongozo ufuate. Penye nakala moja, mwalimu na asome kwa sauti, sura kwa sura, akome pale penye wasiwasi, na wanafunzi waende nyumbani wakibishana yatakayotokea kesho. Bibi zetu walitusimulia hadithi kwa njia hiyo, wala hawakuanza kwa kutueleza funzo lake.

Nanyi wazazi mnayo nafasi yenu. Kitabu ulichokipenda ulipokuwa shuleni, kitafute. Usimwambie mwanao kwamba ni kizuri sana, maana sifa nyingi humchosha mtoto. Kiache mezani, au msomee kurasa mbili jioni baada ya chakula, kisha kifunge. Akikuuliza mwisho wake, nyamaza. Kunyamaza huko ni namna ya upendo, kwa kuwa unamlindia jambo ambalo akilipoteza hakuna fedha itakayolirudisha.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mtu aliyekwisha kukisoma kitabu ni mwenyeji ndani yake, anajua kila chumba, na pengine amekwisha kuchoka kukitazama. Akija mgeni akashangaa mlangoni, mwenyeji naye huitazama upya nyumba yake. Tumewaona wazee wakisikiliza wajukuu zao wakisoma hadithi ambayo wao wanaijua kwa moyo, na hofu ile waliyodhani imekwisha ikawarudia kupitia sauti ya mtoto, kwa sababu safari hii hawakuogopa kwa ajili yao wenyewe. Tusipoteze nguvu kuomba turudishiwe usomaji wetu wa kwanza. Tuwape wengine wa kwao, nasi tuketi karibu nao wanaposoma.