Mashine ya Ini Iko Mbali, Chanjo Iko Hapa



Wiki hizi nikipita nyumba kwa nyumba naulizwa swali moja: "Dada, ni kweli Wazungu wanatibu uvimbe wa ini bila kupasua?" Ni kweli. Lakini naomba nikueleze habari yote, kwa sababu nusu ya habari imeanza kutuumiza.

Akina mama mnaijua ultrasaundi, kile kipimo cha kumwona mtoto tumboni. Hutumia mawimbi ya sauti ambayo sikio halisikii. Katika mashine hii mpya, mawimbi yenye nguvu hukutanishwa mahali pamoja ndani ya ini, kama tochi kumi zinazomulika sehemu moja. Pale yanapokutana hutokea viputo vidogo sana vinavyopasuka na kuusaga uvimbe hadi uwe majimaji, kisha mwili unayaondoa wenyewe. Ngozi haikatwi. Njia hii huitwa histotripsi. Ilianzia Chuo Kikuu cha Michigan, na Marekani iliiruhusu kwa uvimbe wa ini mwezi Oktoba 2023.

Sasa sikiliza upande wa pili. Kibali kile ni cha kuvunja uvimbe, hakisemi kwamba saratani imepona. Virusi vya homa ya ini vinabaki mwilini, na ini lenye makovu linabaki na makovu yake.

Katika mtaa wangu, familia moja ilitaka kuuza baiskeli na chakula cha mgawo ili baba yao asafirishwe kuitafuta mashine hiyo. Mzee alikuwa amekaa miezi na tumbo limejaa maji, akichanjwa chale. Alipoletwa hospitali alikuwa amechelewa. Tulimzika. Siwezi kusema angepona, lakini angekuja mapema angepimwa na kupewa rufaa akiwa bado na nguvu.

Ndugu yangu, maoni yangu ni haya: tusiikodolee macho mashine ya mbali tukasahau kilicho mlangoni kwetu. Huku Afrika, saratani ya ini mara nyingi huanza na homa ya ini B, ambayo mtoto huweza kuipata kwa mama yake wakati wa kuzaliwa. Chanjo yake imo katika ile sindano ya wiki ya 6, 10 na 14. Taiwan ilianza kuchanja watoto wachanga mwaka 1984, na saratani ya ini kwa watoto ikapungua sana.

Kwa hiyo:
- Usiruke hata sindano moja ya mtoto.
- Usichangie wembe, wa chale wala wa kunyoa.
- Mahindi na karanga zenye ukungu zitupe. Sumukuvu haiishi kwa kupikwa, nayo huharibu ini.
- Macho yakiwa ya manjano, tumbo likivimba au ukikonda bila sababu, njoo kituo cha afya mara moja.

Nanyi wakubwa wetu wa afya, nina ombi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto apewe chanjo ya homa ya ini B ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa. Tunaomba kila mtoto anayezaliwa kambini aipate ndani ya saa hizo. Gharama yake ni ndogo kuliko mashine yoyote.

Mwanao ana kadi ya kliniki. Ifungue leo uiangalie.

Mhamasishaji wa afya wa jamii