Projekta mbovu zitoke stoo, ziende darasani

Ingia stoo ya kanisa lolote kubwa la Bukavu, au chumba cha nyuma cha ofisi iliyowahi kuendesha semina, utazikuta projekta zilizokufa zimerundikwa chini ya viti vya plastiki. Nyingine zilinunuliwa kwa michango ya waumini, nyingine zililetwa na miradi ya mashirika. Zilifanya kazi miaka michache, picha ikaanza kutoa madoa ya njano au taa ikapasuka, basi zikawekwa pembeni. Mimi nafundisha fizikia katika sekondari moja ya Kadutu, na alasiri natengeneza mashine hizi ili nyumba iende. Naomba jambo moja: projekta zisizotengenezeka zigawiwe shule zenye mchepuo wa sayansi, na zigawiwe mwaka huu.

Zinakufa kwa sababu ambazo kila mkazi wa mji huu anazijua. Umeme wa shirika la SNEL unakatika ghafla katikati ya ibada. Feni, ambayo ilipaswa kuendelea kuzunguka hadi taa ipoe, inasimama papo hapo, na taa inabaki ikijichoma kwa joto lake yenyewe. Kiangazi, vumbi la barabara linaziba kichujio cha hewa. Joto likizidi, vinavyoungua mapema ni vichujio vyembamba vya polaraiza, hasa vile vilivyo kwenye njia ya mwanga wa buluu, na ndipo picha inapoharibika rangi. Lakini ukifungua skrubu, sehemu kubwa ya mashine utaikuta nzima.

Humo ndani, mwanga mweupe unagawanywa na vioo maalumu kuwa mwekundu, kijani na buluu. Kila rangi inapita kwenye kigae chake cha kioo, kisha prizimu moja inaziunganisha zote tatu na lenzi inazirusha ukutani. Kigae hicho ndicho hazina. Katika projekta nyingi ninazozifungua kina upana wa milimita 16 hivi, na ndani yake kuna nukta 1024 kwa 768. Kati ya vioo vyake viwili imejazwa fuwele kimiminika, aina ya dutu ambayo Friedrich Reinitzer, mtaalamu wa mimea aliyekuwa akifanya kazi Prague, aliikuta mwaka 1888 alipokuwa akichunguza kolesteroli ya karoti. Iliyeyuka kwenye nyuzi 145.5 ikawa na ukungu, na ilipofika nyuzi 178.5 ukungu ukatoweka. Kati ya nyuzi hizo mbili ilitiririka kama maji huku chembe zake zikiwa zimejipanga kwa utaratibu wa fuwele. Ukizigusa chembe hizo kwa umeme kidogo zinageuka, na zikigeuka zinaugeuza mwanga unaopita.

Umeme huo lazima ufike kwenye kila nukta bila kuuziba mwanga, kwa hiyo kioo kinapakwa tabaka jembamba la oksidi ya indiamu na bati, bati likiwa karibu sehemu moja katika kumi. Bati linatoka kwenye kasiteriti, na mtu wa Kivu Kusini hahitaji kuelezwa kasiteriti ni nini. Mwaka 2012 mgodi wa Kalimbi, huko Nyabibwe katika Kalehe, ulichaguliwa kuanzisha mpango wa kufunga magunia ya madini kwa lebo. Serikali ya Uholanzi iliuunga mkono, pamoja na kampuni kama Philips na Motorola, ili bati lisilolisha vita lifike kwenye viwanda vya elektroniki. Nina wanafunzi wanaojua bei ya kilo ya kasiteriti kwa sababu baba zao wanaichimba au mama zao wanawapikia wachimbaji. Watoto hawa wana haki ya kushika mkononi kitu ambacho madini ya aina hiyo yanakwenda kufanya.

Somo lenyewe nalifanya hivi. Nachomoa kigae kimoja, nakisimamisha kwenye ubao kwa vibanio vya nguo. Nyuma yake naweka leza nyekundu ndogo ya betri, ile inayouzwa sokoni kwa ajili ya kuonyeshea ubaoni. Madirisha tunayafunika kwa blanketi, na hakuna anayeruhusiwa kuangalia upande leza inakotoka. Ukutani zinatokea nukta nyingi nyekundu zilizojipanga kwa safu, ya katikati iking'aa kupita zote. Mwanga umepita kwenye vidirisha vidogo vya kigae ukatawanyika, na mawimbi yake yamekutana: yalipopatana yakaongezeana nguvu, yalipopingana yakafutana.

Hapo mwanafunzi anachukua mita ya seremala. Kutoka kwenye kigae hadi ukutani ni mita 4. Kati ya nukta moja na jirani yake ni sentimita 16. Leza nyekundu ya namna hii ina urefu wa wimbi wa milimita 0.00065. Zidisha kwa 4000, gawanya kwa 160, unapata milimita 0.016. Huo ndio umbali kutoka kidirisha kimoja cha kigae hadi kingine, umepimwa na kijana wa Kadutu kwa mita ya mbao. Msichana mmoja aliyemaliza hesabu hiyo kabla ya wenzake aliniuliza, "Prof, ina maana tumepima kitu ambacho macho hayakioni?" Nikamwambia apige hesabu upya ili ajihakikishie mwenyewe, akapata jibu lilelile. Na somo zima halikuhitaji SNEL hata kidogo.

Kama bodi ya projekta bado hai, tunaweza kufika kwenye hologramu, picha inayoundwa na mawimbi hayo ya mwanga yanapokutana. Dennis Gabor, mhandisi mzaliwa wa Hungaria, aliibuni mbinu hiyo mwaka 1947 akiwa Uingereza, na mwaka 1971 akapewa Tuzo ya Nobel. Projekta ya kawaida inachora picha kwa kuzuia mwanga: penye weusi, mwanga umemezwa na kugeuka joto. Kwenye hologramu, ukikitazama kigae huoni picha, unaona madoa yaliyochanganyikana, kwa sababu kilichoandikwa pale ni hesabu ya jinsi mawimbi yatakavyokutana huko mbele. Njia ya kuifanya hesabu hiyo iliandikwa na watafiti Gerchberg na Saxton mwaka 1972, na leo kompyuta ya mkononi iliyozeeka inaimaliza wakati mwalimu bado anafuta ubao.

Kwa njia hiyo tuliandika herufi K. Ukutani ikatokea K nyekundu, hafifu, na upande wa pili wa nukta ya katikati pacha wake amepinduka juu chini. Vigae vya projekta za kawaida vimetengenezwa kwa ajili ya kuzuia mwanga, kwa hiyo mwingi wake unabaki katikati bila kufanya kazi. Kisha nikamwambia mvulana mmoja afunike nusu ya kigae kwa karatasi. Darasa zima lilitegemea nusu ya herufi ipotee. K ikabaki nzima, imefifia na kingo zake zimekuwa na ukungu, kwa sababu kila sehemu ya kigae inachangia picha yote. Waliniomba nirudie, na karatasi ikapita mikono mingi.

Nayasema haya kwa kirefu kwa sababu najua wapo watakaosema hii ni michezo ya watu maskini. Mwaka 1985 H. K. Liu na wenzake huko California walichukua televisheni ndogo ya mfukoni iliyokuwa ikiuzwa madukani, wakakigeuza kioo chake cha fuwele kimiminika kuwa chombo cha kuongoza mwanga wa leza, na kazi yao ikachapishwa katika jarida la kisayansi. Tangu hapo vigae vimekuwa bora: vipo vinavyouchelewesha mwanga bila kuumeza. Jamieson Christmas, aliyefanya utafiti wake Cambridge, aliifikisha mbinu hiyo kwenye magari ya Jaguar Land Rover, ambako taarifa za safari zinaonekana mbele ya macho ya dereva kupitia kioo cha gari.

Kuna jambo jingine linaloniuma. Vijana wetu wanauziwa vipiramidi vya plastiki vya kuweka juu ya simu kwa jina la hologramu. Ule ni mwanga unaoakisiwa kwenye plastiki iliyoinama, mbinu ya jukwaani ambayo John Henry Pepper aliionyesha London mwaka 1862, na ndiyo iliyomrudisha jukwaani marehemu mwanamuziki Tupac huko California mwaka 2012. Mwanafunzi aliyewahi kuona K yake ikibaki nzima chini ya karatasi hawezi kudanganywa hivyo.

Wakuu wa shule, hasa za Leta, yaani za serikali, wananiambia kwamba walimu hawajalipwa, kwamba darasa lina wanafunzi wengi mno, kwamba wakati si wa kuzungumzia leza. Waasi wa M23 walipoingia mjini Februari 2025, benki zilifunga milango na ndege za abiria zikaacha kutua kwenye uwanja wa Kavumu. Nayaona yote hayo, nami naishi humu humu. Lakini hiyo ndiyo sababu ya kutosubiri kreti la vifaa kutoka Ulaya. Vifaa viko tayari Nyawera, Ibanda, Bagira, vinangoja mtu mwenye funguo za stoo aamue. Visipotolewa, mwishowe watu watavunja alumini na shaba, na plastiki itatupwa korongoni, ishuke hadi ziwani na kwenda kuongezea taka zinazokwama kwenye bwawa la Ruzizi.

Nawaomba wachungaji na mapadri wazungumze na kamati zao za mali. Nawaomba wakurugenzi wa mashirika wakamilishe zile karatasi za kuondoa kifaa kwenye orodha, kwa sababu mara nyingi mashine inaoza ikisubiri sahihi moja tu. Chuo cha ualimu cha ISP Bukavu kinawaandaa walimu wa fizikia wa jimbo hili. Jumamosi moja inatosha kuwafundisha kufungua mashine na kuchomoa kigae bila kukivunja. Na kituo cha utafiti cha Lwiro, ambako sayansi inafanyika tangu enzi ya IRSAC, taasisi ya utafiti ya wakati wa ukoloni, kingeweza kuwapokea wanafunzi watakaofika mbali zaidi.

Anayetoa projekta asiifungue mwenyewe. Taa zake nyingi zina zebaki, sumu ileile ya wachimba dhahabu wa Kamituga. Taa itolewe na fundi ikiwa baridi, ifungwe kwenye kopo lenye mfuniko, isiingie darasani. Vilivyobaki vipelekwe vyote, hata kebo na rimoti: vigae vitatu, prizimu, lenzi, vioo vya rangi, feni na bodi. Prefe, yaani mkuu wa shule, aandike risiti yenye jina la aliyetoa, ili kamati ya kanisa ijue mali yake imekwenda wapi.