Ughaibuni wa karibu

Ukisema ughaibuni unawaza London na Doha. Mimi ni Mteso wa Amagoro, Kenya, nimeolewa Tororo, Uganda, ng'ambo tu ya mpaka wa Malaba, na stesheni za runinga za nyumbani nazitafuta kama hao wa Doha.

Zamani antena ikielekezwa mashariki ilitosha. Mawimbi hayapitii uhamiaji. Februari 2015 mitambo ya analojia ya Citizen, NTV na KTN ilipozimwa Kenya, runinga za huku nazo zikabaki chenga tupu. Tukahamia dishi. Kichekesho ni kwamba setilaiti humwaga mawimbi Afrika Mashariki nzima bila kuujua mpaka, ila kadi ya king'amuzi inaujua vizuri mno! Haki za vipindi huuzwa nchi kwa nchi, kwa hiyo ukinunua king'amuzi huku utapewa stesheni za Kampala kwanza. Ndiyo maana watu wa Busia huvusha ving'amuzi vya Kenya na kuvilipia kwa M-Pesa. Kampuni hazipendi, najua.

Lakini usiite haya yote kiu ya nyumbani. Agosti 15, 2022, matokeo ya urais wa Kenya yakitangazwa katika ukumbi wa Bomas, sebule yangu ilijaa majirani Waganda kuliko Wakenya. Walikuwa hawajasahau mwanzo wa 2008, ghasia za Kenya zilipokwamisha malori njiani na petroli ikaadimika Uganda. Aliyeshinda hakuwahusu sana. Walitaka kujua kama barabara ya Mombasa itabaki wazi.