Lenzi kwanza, kamera baadaye

Ndugu mwandishi, hapo uliposema kila mpiga picha wa harusi ahamie kamera mpya isiyo na kioo (mirrorless), sikubaliani nawe. Mimi huku Ngara bado napigia Canon 700D ya mwaka 2013, megapikseli 18. Mteja anataka picha ya inchi 5 kwa 7 ya kuweka kwenye albamu. Ukiisafisha kwa nukta 300 kwa inchi, inataka megapikseli 3 na ushee tu. Hata A4 haifiki 9. Zinazobaki kazi yake ni kujaza memori kadi.

Shida yetu ni mwanga. Ukumbini usiku kule Rulenge unakuta taa moja juu ya meza kuu, maharusi wanang'aa, wazazi waliokaa pembeni ni giza tupu. Lenzi ya 18-55 ukiivuta hadi mwisho inaishia f/5.6. Ile ndogo ya 50mm f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara kumi zaidi, tena ni ya bei nafuu kabisa.

Kamera isiyo na kioo kama Canon R50 ya 2023 ni nzuri, sibishi. Ina video ya 4K, na fokasi yake inamfuata mnyama hata akikimbia. Ila lenzi zako za zamani haziingii bila adapta, gharama ambayo wauzaji huitaja mwishoni. Anayeishi kwa video, au anayepiga picha za wanyama hifadhini Burigi-Chato, anunue. Wa harusi na pasipoti, nunueni lenzi na flashi. Kamera ibadilishwe shata ikifa.