Chumvi ya Kisima Haiondoki kwa Moto

Mama zetu na dada zetu, visima vya karibu na bahari, kama hivi vyetu vya upande wa Shelly Beach, mara nyingi hutoa maji yenye chumvi. Wako wanaodhani kuwa kuyachemsha huiondoa. La, haiondoki, na sababu imo katika maumbile ya chumvi yenyewe.

Chumvi ni muungano wa sodiamu na klorini. Atomi ya sodiamu ina elektroni 11, na moja tu imo katika tabaka la nje. Ya klorini ina 17; nje ziko 7, nayo hutulia ipatapo ya 8. Basi sodiamu hutoa, klorini hupokea. Iliyotoa hubaki na chaji chanya, iliyopokea huwa na chaji hasi, nazo huvutana zikashikana.

Ndani ya maji chembe hizo huachana, lakini hazipotei. Tuchemshapo, maji ndiyo yarukayo kwa mvuke. Chumvi hubaki, na kila maji yapunguavyo ndivyo ukali wake uzidivyo. Yakikauka kabisa, sodiamu na klorini hushikana tena chini ya sufuria.

Kuchemsha huua vijidudu, kwa hiyo tusikuache. Lakini uji wa mtoto na kinywaji cha mzee mwenye shinikizo la damu tuvitengee maji ya mfereji, au ya mvua yaliyokingwa kwa usafi, nayo pia tuyachemshe.