KIBOKO WA MALINDI NA JASHO LA WAOKOAJI



Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumza juu ya mishahara, mikataba, ajali za kazini na malipo ya uzeeni. Leo nataka tuzungumze juu ya mnyama. Najua wako watakaocheka na kusema kwamba watu wa sindika wameishiwa na maneno. Lakini someni mpaka mwisho, maana habari ya mnyama huyu ni habari ya kazi, na kazi yenyewe ilifanywa na watu kama sisi, bila mshahara na bila bwana wa kuwaamrisha.

Tarehe 26 Desemba 2004, tetemeko kubwa lilipiga chini ya bahari karibu na kisiwa cha Sumatra, huko Indonesia. Likaleta yale mawimbi ambayo dunia nzima sasa inayajua kwa jina la tsunami. Watu zaidi ya 200,000 walikufa katika nchi zilizopakana na Bahari ya Hindi. Upande wetu wa Afrika mawimbi yalifika yakiwa yamepungua nguvu, lakini Somalia, Tanzania na Kenya nazo zilizika watu wao.

Siku zile, mvua kubwa zilikuwa zimewashusha viboko kadhaa kwa Mto Sabaki mpaka baharini, karibu na mji wa Malindi, pwani ya Kenya. Wenyeji walijaribu kuwafukuza warudi mtoni, wasifaulu. Mawimbi yalipokwisha kupita, alionekana ndama mmoja tu, wa umri wa mwaka mmoja hivi, amekwama kwenye mwamba wa matumbawe. Mama yake hakuonekana tena.

Sisi wa Bujumbura hatuhitaji kuelezwa kiboko ni nini. Tunamwona ziwani, na usiku anapanda kula majani karibu na nyumba za watu. Tunajua anavyoua. Lakini ndama aliyeachwa peke yake baharini ni kitu kingine. Maji ya chumvi hayanyweki, juu ya mwamba hakuna majani, na jua linamkausha ngozi mpaka ipasuke. Kumwacha pale ilikuwa sawasawa na kumuua polepole.

Sasa angalieni watu wa Malindi walifanya nini. Walikuwa wamepigwa na bahari hiyo hiyo jana yake. Wavuvi walikuwa na vyombo vyao vya kuhesabu na ndugu zao wa kuulizia. Hata hivyo mamia ya watu walikusanyika ufukweni, na wavuvi wakaingia majini pamoja na watu wa hifadhi ya wanyama. Ndama yule alikuwa na uzito wa karibu kilo 300, anateleza kama sabuni, na amejaa hofu. Wakamtupia nyavu, akazipasua. Ikabidi ziletwe nyavu nzito za kuvulia papa, zile ambazo wapwani wanaziita jarife. Mgeni mmoja aliyekuwa pale akamrukia na kumshika, wengine wakamfunga, wakavuta. Kazi hiyo ilichukua saa nyingi. Mwishowe ndama akapakiwa kwenye gari, na jina la yule mgeni, Owen, likawa jina la kiboko.

Hakupelekwa mtoni, kwa sababu viboko wasiomjua wangeweza kumuua. Alipelekwa Haller Park, huko Bamburi, karibu na Mombasa. Hapo pia wafanyakazi wana la kusoma. Mahali hapo palikuwa machimbo ya mawe ya kutengenezea simenti. Kuanzia mwaka 1971, bwana René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, pamoja na vibarua wake, walianza kupanda mivinje katika mashimo yale makavu. Leo ni msitu wenye mabwawa na wanyama. Mikono ile ile ya wafanyakazi iliyochimba jangwa ndiyo iliyopanda msitu.

Owen alipofunguliwa kamba, alikimbia moja kwa moja akajificha nyuma ya kobe mkubwa wa Aldabra, mwenye umri uliokisiwa kuwa miaka 130, aliyeitwa Mzee. Kobe kwanza alimkataa, akaondoka zake. Baadaye wakawa wanakula pamoja, wanalala pamoja na kuogelea pamoja. Picha zao zilizunguka dunia nzima. Mwaka 2006 kikatoka kitabu juu yao, na watoto wa Marekani na Ulaya wakawajua kwa majina.

Ndugu zangu, sina ugomvi na picha wala kitabu. Ni habari nzuri, na inafundisha. Lakini mimi kama mtu wa sindika najiuliza jambo moja. Kiboko tunamjua jina. Kobe tunamjua jina. Wavuvi waliotoa jarife zao zikachafuka na kuchanika, nani anaweza kututajia hata mmoja? Wale waliosimama majini saa nzima nzima, siku ambayo hawakuvua hata samaki mmoja wa kupeleka nyumbani, jioni yake walikula nini?

Hilo ndilo ninalotaka kusema leo. Uokoaji ni kazi. Una vifaa vyake, ujuzi wake, hatari zake na gharama zake. Kila mara mnyama anapookolewa, sifa zinagawiwa kwa wengi, lakini gharama inabaki kwa yule mwenye wavu.

Wako watakaosema: "Huruma hailipwi. Ukianza kulipa, umeiua huruma." Tena watasema kwamba watu watawanasa wanyama kwa makusudi ili wapate pesa. Hayo si maneno ya kupuuza, yanahitaji jibu. Jibu liko kilomita chache tu kusini ya Malindi, mahali panapoitwa Watamu. Pale, tangu miaka ya mwisho ya 1990, shirika la kulinda bahari limekuwa likifanya mapatano na wavuvi. Mvuvi akikuta kasa amenasa katika wavu wake bila kukusudia, hamchinji. Anawaita watu wa shirika, wanakuja, wanampima, wanamtia alama na kumrudisha baharini. Akiwa mgonjwa anatibiwa kwanza. Mvuvi anapewa malipo madogo kwa ajili ya muda wake na usumbufu alioupata. Malipo hayo ni madogo kuliko bei ambayo angepata kama angemuuza yule kasa kwa siri, kwa hiyo si biashara. Lakini yanatosha kumwambia mvuvi: tumeona jasho lako. Maelfu ya kasa wamerudi baharini kwa njia hiyo. Je, huruma imekufa Watamu? Haikufa. Imepata miguu ya kusimamia.

Lingine tunalojifunza ni kwamba moyo mwema bila ujuzi unaweza kuua. Wengi wanaomwona pomboo au nyangumi amekwama ufukweni hukimbilia kumburuta kwa mkia au kumsukuma majini haraka haraka. Wanaojua kazi wanasema umwite mtaalamu, umfunike kwa nguo zilizoloweshwa, umkinge na jua, usizibe tundu la kupumulia lililo juu ya kichwa, na uwazuie watu wasimzunguke kwa kelele. Kasa naye haburutwi kwa makasia yake. Haya si mambo magumu. Mtu wa darasa la sita kama mimi anayaelewa. Lakini lazima mtu ayafundishwe kabla ya siku yenyewe kufika.

Na siku nyingine bahari haingoji mtu. Aprili 2006, mamia ya pomboo walikutwa wamekufa katika ufukwe wa Nungwi, kaskazini ya Unguja. Hapo hapakuwa na cha kuvuta tena. Kwa hiyo tusidhani kwamba kila mara kutatokea saa nyingi za kufikiri kama zile za Malindi.

Sasa turudi kwetu. Kutoka hapa Mutanga Nord mpaka ziwani si mbali. Wengi wa watu wa zamu, mafundi, mayede na mayaya wanaofanya kazi katika nyumba za mtaa huu wana ndugu wanaovua ndagala na mukeke, au wanaolima kandokando ya maji. Sisi hatuna bahari, lakini tuna Ziwa Tanganyika, na tuna viboko na mamba wa Rusizi. Miaka ya karibuni maji yamepanda. Mwaka 2020 Rusizi iliingia Gatumba na kuwahamisha maelfu ya watu. Mwaka 2024 ziwa lilipanda mpaka bandarini na katika mitaa ya kando. Maji yanapohama, mnyama anahama pamoja nayo. Mahali alipozoea kula pamekuwa ziwa, na mahali anapotafuta malisho mapya pana nyumba ya mtu.

Itakuwaje basi, ndama wa kiboko akikwama katika mtaro wa mji wetu? Tunajua itakavyokuwa. Watakuja vijana mia wenye simu za kupiga picha. Atakuja mwenye mawe. Atakuja mwenye panga anayefikiria nyama. Na pengine mama wa ndama yuko hatua thelathini gizani, na mtu wa kwanza atakayesimama kati yake na maji hatarudi nyumbani. Katikati ya kundi hilo watakuwako watu watano au sita wenye moyo wa kuokoa, lakini hawana kamba, hawana taa, hawajui waanzie wapi. Na mmoja wao akivunjwa mguu, nani atamlipia hospitali? Mvuvi wetu na kibarua wetu wengi hawana mkataba ulioandikwa. Asiye na mkataba, akiumia, anaambiwa hakuwa kazini.

Kwa hiyo nasema chama chetu kisingoje wengine. Tuombe kwa sauti moja, kwa wakubwa wa komine na kwa ofisi ya serikali ya kulinda mazingira, OBPE, mambo manne yafuatayo.

Kwanza, katika kila mwalo wa wavuvi wateuliwe watu wachache wanaojulikana, wenye namba ya simu inayojulikana na kila mtu, ambao ndio watakaoitwa mnyama akikwama au akiingia kati ya nyumba.

Pili, watu hao wapewe vifaa: kamba ngumu, wavu mzito, taa, filimbi ya kuwarudisha watu nyuma. Si vitu vya bei ya ndege.

Tatu, wafundishwe na wanaojua. Huko Haller Park alikuwako Stephen Tuei, mtunzaji mkuu wa wanyama, mfanyakazi aliyejua tabia za wanyama kwa kuishi nao. Ujuzi wa namna hiyo unaheshimiwa kama ujuzi wa fundi yeyote. Hata hapa wako walinzi wa hifadhi ya Rusizi na wavuvi wazee ambao wangeweza kuwa waalimu.

Nne, na hili ndilo la sindika hasa: wavu uliochanika katika kuokoa ulipwe, siku iliyopotea ihesabiwe, na aliyeumia atendewe kama mtu aliyeumia kazini, awe na mkataba au asiwe nao.

Atauliza mtu: "Watoto wetu hawajashiba, nanyi mnadai fedha kwa ajili ya viboko?" Swali hilo ni la haki. Lakini soma tena mambo hayo manne. Fedha hiyo haiendi kwa kiboko. Inakwenda kwa mvuvi, kwa kibarua, kwa kijana aliyeingia majini. Nayo inalinda maisha ya watu kwanza, maana mnyama aliyekwama na kundi la watu wasio na mpango ni ajali inayongoja saa yake. Zaidi ya hayo, mvuvi anayejua kwamba jasho lake linaheshimiwa hatafanya haraka kuchukua panga.

Waswahili husema kidole kimoja hakivunji chawa. Pale Malindi vidole vilikuwa mamia, havikuandikishwa na mtu, havikusaini karatasi, na vilimtoa ndama wa kilo 300 katika mwamba wa bahari. Hiyo ni nguvu ambayo hata sindika zenye ofisi na mihuri hazipati kila siku. Nguvu kama hiyo ikipewa kamba, ujuzi na haki yake, itaokoa wanyama, na itaokoa watu pia, siku ambayo mto au ziwa litamchukua jirani.

Jambo hili naliweka mbele ya mkutano wetu ujao. Wajumbe wa wavuvi na wa kandokando ya ziwa waje na hesabu zao: nyavu ngapi zimechanika, watu wangapi wameumizwa, wakati gani, mahali gani. Tusiende kwa wakubwa na machozi. Twende na hesabu.